Neno "la mwisho" linauza kuliko gari lenyewe

MAONI

Kila mara linatokea tena kwenye matangazo ya Marekani, na picha zake zinafika mpaka kwenye simu za vijana wa Goma, Bukavu na Uvira: Cadillac Eldorado ya mwaka 1976, gari refu la wazi, paa la kitambaa linalokunjwa nyuma, ngozi mpya kwenye viti, kromu inayong'aa kama sahani ya harusi. Limetengenezwa upya kuanzia shasi hadi taa. Linauzwa. Na wauzaji wengi, wakishataja injini na rangi, wanaongeza neno moja ambalo halina uzito kwenye mizani lakini lina uzito mkubwa kwenye bei: la mwisho. Gari la mwisho la wazi la Marekani.

Neno hilo si kweli. Lilionekana kuwa kweli kwa miaka michache tu, na watu waliolilipia bei ya juu wanajua lilivyowagharimu. Habari yao inafaa kusomwa polepole na familia iliyokimbia vita ikiwa imebeba karatasi za parseli ndani ya mfuko wa plastiki. Kwa sababu neno lilelile linazunguka kwenye kambi, kwenye bandari na kwenye kartye, na huku halichukui pesa za ziada za tajiri. Linachukua kiwanja cha watoto.

Jinsi gari lilivyotangaziwa kifo

Zamani magari ya wazi hayakuwa kitu cha ajabu Marekani. Mwaka 1965 peke yake watu walinunua karibu nusu milioni. Vijana waliyapenda kwa matembezi, wakubwa wa siasa waliyapanda ili wananchi wawaone vizuri wakipita barabarani. Kisha mambo yakageuka. Barabara kubwa za mwendo wa kasi ziliongezeka, na mtu anayekwenda kilomita 100 kwa saa bila paa anapigwa na upepo na kelele mpaka anachoka. Mashine za kupoza hewa zikaenea ndani ya magari, watu wakaona hakuna haja ya kufungua paa. Kitambaa cha paa nacho mwizi aliweza kukipasua kwa kisu.

Juu ya hayo yote, serikali ya Marekani ilianza kuandaa masharti ya usalama kwa magari yanayopinduka. Viwanda vikaogopa kwamba gari lisilo na paa la chuma halitaweza kuyatimiza. Mwaka 1972 mahakama ya rufaa iliona kwamba masharti hayo yasiwe njia ya kuyafuta magari ya wazi. Lakini hofu ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kampuni moja baada ya nyingine iliacha kuyatengeneza. Mwaka 1975 ulipokwisha, kati ya magari ya wazi yaliyotengenezwa kwa wingi na viwanda vikubwa vya Marekani, ilibaki Cadillac Eldorado peke yake.

Lilikuwa gari kubwa kweli kweli: urefu wa karibu mita 5.7 na injini ya silinda 8 yenye lita 8.2. Kwa mafuta yalivyo ghali huku, gari hilo lingekula mshahara wa mwalimu kabla ya mwezi kufika katikati.

Mwaka 1976 Marekani ilikuwa inasherehekea miaka 200 ya uhuru wake, na Cadillac ilitangaza bila kuficha: hili ndilo la mwisho. Matokeo yalionekana haraka. Mwaka 1975 kampuni ilikuwa imetengeneza Eldorado za wazi 8,950. Mwaka 1976 ikatengeneza 14,000. Yaani kitu kilichosemekana kinakufa kwa kukosa wanunuzi kiliongezeka ghafla kwa zaidi ya nusu. Gari lenyewe halikuwa limebadilika sana. Kilichoongezwa kilikuwa neno.

Magari 200 ya mwisho yalifananishwa yote: rangi nyeupe nje, paa jeupe, viti vyeupe, na mistari myembamba ya nyekundu na buluu juu ya boneti, rangi za bendera. Tarehe 21 Aprili 1976, mjini Detroit, la mwishoni kabisa likatoka kiwandani mbele ya kamera.

Bei ya dukani ilikuwa dola 11,049, lakini wengi hawakuyapata kwa bei hiyo. Wenye maduka waliongeza, wanunuzi wakauziana wao kwa wao, na kuna waliolipa karibu mara mbili. Wengine hawakununua ili waendeshe. Walilifunika gari, wakalifungia kwenye garaji, wakangoja bei ipande. Hesabu yao ilikuwa rahisi: kitu kikiisha kutengenezwa, bei yake hupanda. Hesabu ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa kwenye ile "kikiisha".

Lililokufa likarudi

Mwaka 1982, miaka sita tu baadaye, Chrysler, kampuni iliyokuwa imeponea chupuchupu kufilisika, ilileta LeBaron ya wazi chini ya mkuu wake Lee Iacocca. Ikauzika. Mwaka uliofuata Ford ikarudisha Mustang ya wazi. Na kwa mwaka 1984 Cadillac yenyewe, ileile iliyosema la mwisho, ikauza tena Eldorado ya wazi, kwa zaidi ya dola 30,000.

Waliokuwa na magari ya 1976 walikasirika. Baadhi yao walijiunga pamoja wakaenda mahakamani, wakisema walidanganywa. Hawakushinda.

Kuna jambo lingine ambalo kelele za mwaka ule zilifunika. Hata mwaka 1976 wenyewe, neno hilo lilikuwa na mipaka ambayo wachache waliiuliza. Lilikuwa "la mwisho" kwa viwanda vya Marekani tu. Volkswagen ya Ujerumani iliendelea kutengeneza Coccinelle yake ya wazi baada ya mwaka huo, na iliuzwa hukohuko Marekani. Kilichokwisha kweli mwaka 1976 ni ile injini ya lita 8.2, ambayo Cadillac haikuiendeleza mwaka uliofuata. Lakini siyo injini iliyowafanya watu wapange foleni.

Sasa hesabu. Kwa kufuata bei zilivyopanda Marekani tangu wakati ule, dola 11,049 za mwaka 1976 ni karibu dola 60,000 za leo. Eldorado nyingi za mwaka huo, hata zilizotunzwa vizuri, zinauzwa chini ya kiasi hicho. Maana yake, mtu aliyenunua, akafunika, akalipia bima na mahali pa kuliweka kwa karibu miaka 50, mara nyingi hajarudisha hata nguvu ya pesa aliyoitoa. Mkaaji wa Kongo aliyeona faranga ikishuka mbele ya dola hahitaji mwalimu wa hesabu hiyo. Anajua kwamba namba inaweza kupanda na mali ikashuka.

Lakini sehemu ngumu ya habari hii ni nyingine. Ukimtafuta mwongo wa mwaka 1976, si rahisi kumpata. Masharti ya serikali yalitisha kweli. Soko lilikuwa limeshuka kweli. Kampuni, wauzaji, waandishi wa habari na wanunuzi, wengi waliamini walichosema. Neno halikuwa uongo wa kupangwa. Lilikuwa ubashiri uliovaa nguo za habari, na ubashiri haumfungi aliyeutoa. Siku mambo yanapogeuka, aliyesema anakwenda zake na kuanza biashara nyingine. Aliyelipa ndiye anayebaki na mzigo.

Kwa hiyo kumwogopa mwongo hakutoshi. Mtu mwaminifu, jirani, hata ndugu wa damu, anaweza kumwambia mwenzake "hii ni ya mwisho" huku akiamini kwa moyo wote, na hasara ikawa ileile.

Thamani iko kwenye chuma, kazi na karatasi

Hayo hayana maana kwamba gari lile ni takataka. Fundi anayelirudisha katika hali yake ya kwanza anafanya kazi ya kuheshimiwa. Analivua kila kitu mpaka chuma kibaki uchi. Anakata sehemu zilizoliwa na kutu na kuchomelea nyingine. Anatafuta kwa miezi vipande ambavyo hakuna kiwanda kinachovitoa tena. Anashona viti, anafunga kitambaa kipya cha paa, anajaribu kufungua na kufunga mpaka paa lisikwame. Makanika wa Birere au wa Kadutu, anayefufua Toyota moja kwa vipande vya Toyota tatu, anaielewa kazi hiyo bila kuelezwa.

Na mnunuzi mwenye akili huko Marekani haanzi kwa kusikiliza neno. Anaanza kwa kusoma namba. Namba ya Cadillac ya mwaka 1976 ina tarakimu na herufi 13. Inaanza na 6, alama ya Cadillac, kisha L67 kama ni Eldorado ya wazi. Ile yenye paa la chuma ni L47. Kwa hiyo mtu akikata paa la gari la L47, akapaka rangi nyeupe, akachora mistari ya nyekundu na buluu, kisha akaliita moja kati ya zile 200, namba inamsema. Rangi inapendeza jicho, lakini namba ndiyo inayotoa ushahidi.

Baada ya namba, mnunuzi anajiinamisha na kuangalia chini ya gari, kuona kama kutu imefichwa kwa rangi mpya. Anafungua paa na kulifunga, tena na tena. Anaomba risiti za kazi na picha za gari kabla halijatengenezwa. Anasoma karatasi ya umiliki na kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa ni la mtu anayeuza. Ikibidi analeta fundi wake, siyo fundi wa muuzaji. Ndipo wanaongea bei.

Katika orodha hiyo yote, neno "la mwisho" halimo. Anayefuata hatua hizo anaweza kupata gari zuri kwa bei ya haki na kulifurahia na watoto wake siku ya jua. Anayeziruka ananunua hofu ya kukosa, na hofu haina soko la kuirudisha.

Neno lilelile, huku Kivu

Huku, kinachouzwa kwa neno hilo siyo anasa. Ni nafasi kwenye boti. Ni jina kwenye orodha. Ni ng'ombe mmoja aliyeponyoka vita. Mara nyingi zaidi, ni ardhi.

Kila mtu aliyekaa kambini au kwa familia iliyompokea anajua maneno ya komisioneri. "Mama, wale wa kule hawarudi tena. Kesho hata dola mia hutaziona. Huyu mnunuzi ni wa mwisho, jioni anarudi kwake." Mama anafikiria nyumba ambayo hajaiona tangu siku ya risasi, shamba ambalo hajui nani analilima, madeni ya unga, ada ya mtoto. Mnunuzi ana pesa mkononi. Saa mbili baadaye kidole gumba kimewekwa kwenye karatasi.

Upande wa pili wa biashara hiyo kuna anayenunua. Baba aliyetoka mbali, aliyeweka akiba kidogo kwa kubeba mizigo, anaambiwa: "Papa, parseli kwa bei hii imebaki moja tu, wenzako wawili wanakuja saa kumi." Analipa. Baada ya miezi, anapoanza kuchimba msingi, mtu mwingine anatokea na karatasi yake, halafu wa tatu. Migogoro ya parseli moja yenye wanunuzi wawili au watatu ni habari ya kila siku katika miji ya Kivu. Katika migogoro hiyo, haraka ndiyo iliyomzuia mnunuzi asiulize majirani swali moja la dakika tano.

Hata msaada unaingizwa humo. Mtu anapita kati ya hema na daftari, anasema orodha inafungwa leo, hii ndiyo ya mwisho, toa kidogo jina lako liingie. Msaada wa kibinadamu hautolewi kwa malipo, wala kwa pesa, wala kwa mwili wa mama au wa binti. Anayeomba malipo ili aandike jina ametenda kosa, na haijalishi kama orodha inafungwa kweli au haifungwi.

Mfano wa mwaka 2021

Watu wa Goma wana mfano wao wenyewe wa jinsi mwisho unavyotangazwa na usifike. Jioni ya tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka. Tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi wa Kivu ya Kaskazini akaamuru kartye 10 za mji zihame mara moja. Watu kwa mamia ya maelfu wakatoka kuelekea Sake, Minova, Rutshuru, Bukavu na Rwanda.

Kuondoka kulikuwa sawa. Lava ilikuwa imefika ukingoni mwa mji, nyumba zilikuwa zimeungua, ardhi ilikuwa inatetemeka kila saa, na wataalamu wenyewe waliogopa kwamba moto ungeweza kupasuka chini ya mji au chini ya ziwa. Mzazi aliyebeba watoto na kukimbia alifanya kazi ya mzazi.

Lakini siku zilezile neno lilizunguka kwamba Goma imekwisha. Mwezi uliofuata watu wakaanza kurudi. Goma ilikuwepo. Aliyekimbia na ufunguo wake alifungua mlango wake. Kama kuna aliyeuza nyumba kwa bei ya hofu njiani, yeye hakuwa na mlango wa kufungua.

Hapo ndipo penye tofauti ambayo inapaswa kusemwa kwa sauti kwenye kila kambi: kukimbia ni jambo moja, kuuza ni jambo lingine. Hatari ya leo inaweza kumlazimisha mtu kuhama leo. Haimlazimishi kuuza leo. Anayeunganisha mambo hayo mawili katika sentensi moja huwa ana pesa mfukoni na ana sababu yake.

"Haya ni maneno ya aliyeshiba"

Wako watakaojibu kwamba vita si volkano. Volkano inatulia kwa wiki, vita inakaa miaka. Kuna familia za Masisi na za Rutshuru zilizohama, zikarudi, zikahama tena, mpaka watoto wao wanaijua kambi kuliko kijiji. Watasema pia kwamba watu wa Detroit walicheza na pesa walizokuwa nazo za ziada, kumbe mama mwenye mtoto wa homa kali hachezi. Anauza ili anunue dawa.

Hoja hiyo ni ya kweli. Hakuna mwenye haki ya kumhukumu mzazi aliyeuza shamba ili mtoto apone. Na ziko siku ambazo kuuza ndiyo njia nzuri iliyobaki: familia imeamua kuanza maisha mahali pengine, wote wamekubaliana, bei inaeleweka. Ardhi siyo sanamu ya kuabudiwa.

Lakini shida inaeleza kwa nini mtu anauza. Haielezi kwa nini auze leo kabla ya saa kumi, bila jirani, bila mume au mke, bila kuuliza bei kwa mtu wa pili. Shida ni ya familia, haraka ni ya mnunuzi. Homa ya mtoto inaweza kuhitaji dola 20, na mnunuzi akaitumia kuchukua parseli ya dola elfu kadhaa. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo faida ya neno "la mwisho".

Vitu vya kufanya kabla ya kusaini

Kwanza, swali la mwaka 1976 ambalo wachache waliuliza: nani anasema hii ni ya mwisho, na yeye anapata nini watu wakiamini? Komisioneri analipwa biashara ikifungwa. Hilo si dhambi, ni kazi yake. Lakini mtu anayelipwa siku ya kusaini siye wa kuulizwa kama inafaa kusaini leo.

Pili, kulala na jambo usiku mmoja. Mnunuzi wa kweli anarudi kesho. Asiyeweza kurudi kesho ameonyesha kwamba alichotaka siyo parseli tu, alitaka parseli kwa bei ya mtu aliyeogopa.

Tatu, kutafuta njia nyingine kabla ya kufika kwenye ardhi: kukopa kwenye likelemba, kumpa jirani aliyebaki kijijini shamba alilime kwa msimu mmoja na kugawana mavuno, kukodisha nyumba kwa karatasi yenye tarehe ya mwisho. Aliyekodisha anaweza kurudi. Aliyeuza anarudi kama mgeni.

Nne, karatasi. Sheria ya Kongo ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Serikali, na mwananchi anapewa haki ya kuitumia. Hati yenye nguvu ya kuthibitisha haki hiyo ni cheti cha kuandikishwa kinachotoka kwa mlinzi wa hati za ardhi. Karatasi iliyosainiwa mbele ya shefu wa avenyu inasaidia kama ushahidi, lakini siyo cheti hicho, na anayenunua ajue ananunua nini. Vijijini, ambako wengi hawana cheti, ushahidi ni majirani waliopakana na shamba, wazee, na shefu wa kijiji. Majina yao yaandikwe sasa, wakati bado wako hai na wanakumbuka mpaka unapita kwenye mti gani.

Tano, kila hati ipigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu wawili wanaokaa mahali tofauti. Mfuko wa plastiki unaweza kuungua au kuibiwa. Gari la Detroit lenye karatasi zake zote linauzwa vizuri kuliko lililofanana nalo lisilo na karatasi. Na kwa ardhi, iliyo na wengi wanaoitaka, jambo hilo lina uzito mara kumi.

Sita, mume na mke. Sheria ya familia inaomba wote wawili wakubali kabla nyumba au kiwanja cha familia hakijauzwa. Mauzo yaliyofanywa na mmoja akiwa amejificha mwenzake yanaacha vita ndani ya nyumba baada ya vita ya nje kuisha.

Anayenunua gari mitumba mjini anaweza kufuata mwendo uleule: namba ya shasi ilingane na karte roze, jina lilingane na anayeuza, makanika awe wa mnunuzi.

Wengine wenye mzigo

Siyo haki kumwachia kazi hii yote mama aliye chini ya bashi. Shefu wa kartye anayepokea pesa kidogo ili apige muhuri kwenye mauzo ya haraka ni sehemu ya haraka hiyo. Viongozi wa kamati za kambi wanaweza kuweka kanuni rahisi, kwamba hakuna mauzo ya ardhi yanayosainiwa ndani ya kambi siku ileile yalipoanza kuongewa. Makanisa na misikiti, ambako watu wanakimbilia kwanza, wanaweza kutoa shahidi mmoja asiyelipwa na yeyote. Mawakili wanaotoa ushauri bure wangefanya vizuri kupita kambini kabla ya mauzo, badala ya kungoja kesi.

Na redio nazo zina sehemu yake. Tangazo la biashara linalosema "nafasi ya mwisho" linalipiwa sawa na tangazo lingine, lakini sauti inayolisoma ni ileile inayosoma habari za usalama. Msikilizaji aliye gizani hatofautishi. Kituo kinachojiheshimu kinaweza kumwomba mwenye tangazo aondoe neno hilo au alithibitishe.

Kwa nini neno limewekwa kwenye mdomo usio wake

Mwaka 1976 watu walilipia gari kwa sababu waliambiwa halitatengenezwa tena. Lilitengenezwa tena. Chuma kipo, mafundi wapo, michoro ipo. Kiwanda kikiona faida, kinarudi. Kwa kitu cha kiwandani, "la mwisho" huwa ni hadi mtu mwingine aamue.

Shamba lililo kwenye kilima cha Kitchanga, na makaburi ya wazee pembeni, halina kiwanda. Parseli ya Goma iliyogharimu baba miaka kumi ya kubeba mizigo haina toleo jipya la mwaka 1984. Kwa hiyo kama kuna mtu mwenye haki ya kutamka neno "la mwisho" katika biashara hizi, ni yule anayeulizwa kuuza. Yeye ndiye anayeshika kitu kisichotengenezwa tena. Mnunuzi anashika dola tu, na dola zinachapishwa kila siku.

Mama akijua hilo, mazungumzo yanabadilika. Komisioneri akisema "huyu ni mnunuzi wa mwisho", jibu liko tayari, na linaweza kutolewa kwa upole bila kugombana: "Wanunuzi watakuja wengine, mwanangu. Shamba hili ndilo moja. Rudi kesho, nitakuwa na mume wangu na mashahidi."